Bungu Tulikata Kushoto: Siku Tatu Kibiti na Delta ya Rufiji



Wengi mmekuwa mkituomba tuandike kuhusu safari fupi, isiyo na gharama kubwa, ambayo mwanamke anaweza kwenda na mama yake, na dada zake, au na mume wake akiwa bado bibi harusi. Leo tunaandika kuhusu mji ambao sisi watu wa Mafia tunaupita kila mwezi bila kuujua. Ni Kibiti, pamoja na delta ya mto Rufiji.

Mnajua wenyewe ilivyo. Tukishuka Nyamisati, akili yote iko Mbagala. Gari linakwenda mpaka Bungu, linaingia kwenye lami ya barabara ya Kilwa, linakata kulia kuelekea Dar es Salaam, na sisi tunalala usingizi. Kushoto kuna Kibiti, makao makuu ya wilaya, mwendo wa nusu saa hivi. Miaka yote tunayofuata vitambaa Kariakoo hatukuwahi kukata kushoto hata siku moja.

Safari hii tulikata kushoto, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza

Binti wa dada yetu mkubwa aliposwa na kijana wa Kibiti. Posa ililetwa kwa heshima, wazee wakakaa, mahari yakatajwa, kilemba na mkaja vikazungumzwa. Dada yetu alinyamaza muda wote. Mtu akinyamaza kwenye posa watu hudhani ameridhika. Wageni walipoondoka akasema, "Kibiti? Mwanangu hakai Kibiti." Hakueleza zaidi, na hapakuwa na haja. Mtu mzima yeyote aliyekuwepo Pwani mwaka 2017 anaelewa.

Kwa wadogo zetu mliokuwa shuleni wakati ule: mwaka 2017 wilaya tatu za Mkuranga, Kibiti na Rufiji zilipitia kipindi kigumu cha mauaji. Viongozi wa vijiji na vitongoji walipigwa risasi, wengine majumbani kwao. Mwezi Aprili askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku. Familia zilihama, maduka yalifungwa jua likiwa bado juu. Baadaye hali ikatulia na miaka imepita, lakini jina halikusafika. Mpaka leo ukisema huku kisiwani kwamba unakwenda Kibiti, mtu anakutazama mara mbili.

Sababu ya pili

Hii ni aibu yetu, na tunaiandika kwa sababu huenda iko kwa mwenzetu mwingine mwenye biashara.

Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, na duka letu la kushona ni moja. Mwaka ule wa 2017 ndiyo kwanza tumeanza, cherehani mbili na meza ya kukatia. Mama mmoja mteja wetu wa Kilindoni alituletea oda ya gauni la nikah la binti wa ndugu yake aliyekuwa Kibiti. Vipimo vililetwa vimeandikwa kwenye karatasi ya daftari, pamoja na nusu ya malipo, shilingi 60,000. Makubaliano yalikuwa tumpelekee wenyewe, tumvishe, tumrekebishie pale pale kama kuna pa kubana au kulegeza.

Tulilishona. Lesi nyeupe, mikono mirefu, mtandio wake na shanga za mkono. Siku zilipokaribia, habari zikazidi kuwa mbaya, tukaogopa. Tukasema tutatuma kwa gari, tukasema kesho, tukasema tutampigia. Nikah ikapita. Yule mama wa Kilindoni akahamia kwa watoto wake Dar es Salaam, simu yake ikawa haipatikani, na gauni likabaki kwenye mfuko juu ya kabati letu. Hatukuliuza. Fedha tulizitumia siku nyingi, tena kwa kununulia uzi na zipu.

Kwa hiyo posa ilipokuja kutoka Kibiti, tulitazamana tu. Tukamwambia dada yetu, "Usikatae mahali ambapo hujapaona. Twende tukaone." Akakubali kwa sharti moja, kwamba mjomba aende nasi. Sisi tukashusha ule mfuko kabatini.

Kuvuka na kufika Nyamisati

Kutoka Kilindoni mtavuka kwa kivuko cha MV Kilindoni au kwa boti za watu binafsi. Ulizeni ratiba siku moja kabla, kwa sababu safari hufuata maji kujaa na kupwa, na saa ya leo siyo saa ya kesho. Vaeni jaketi la kujiokolea bila kuona haya, hata kama linakunja baibui. Chukueni limao au tangawizi kwa anayechafukwa na bahari. Msisahau dua ya safari, isomeni pamoja mkiwa mmeshakaa.

Safari nyingi huwa tunashuka Nyamisati tukikimbilia gari. Safari hii tulisimama. Nyamisati ndiyo mlango wa delta. Mnapoingia mnaona mikoko pande zote, na maji yanabadilika rangi kutoka ya bahari hadi ya mto. Msitu wa mikoko wa delta ya Rufiji ndio mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa linatambuliwa kimataifa kama ardhi oevu ya kulindwa. Yaani sisi na wao tumeandikwa kwenye karatasi moja, ila hatutembeleani.

Mjomba wetu aliwahi kufanya kazi kwenye majahazi ya boriti, basi akatuonyesha: huu mkoko wenye mizizi inayosimama kama miguu, huu mchu, huu mkandaa, ule msinzi, ule mkomafi. Boriti za delta hii zilisafirishwa kwa karne nyingi, zikaezeka nyumba za mawe za Unguja na kwenda mpaka Arabuni. Magome ya mkandaa yalikuwa yakichukuliwa kwa kutia ngozi rangi. Siku hizi kukata ovyo kumekatazwa, na ni vizuri, maana samaki na kamba tunaokula wanakulia kwenye mizizi ile.

Mkiwa na nusu siku, zungumzeni na mwenye boti hapo Nyamisati awazungushe kwenye mikono ya mto mpaka vijiji vya ndani kama Salale. Patanene bei kabla ya kupanda, na muwe mmekubaliana saa ya kurudi kulingana na maji. Mtawakuta Wanyagatwa na Wandengereko, watu wa mpunga na uvuvi, na mtakaribishwa wali wa mchele wa hapo hapo na kamba wa kukaanga. Msipige picha za wanawake bila kuomba.

Jambo moja ambalo wengi wetu hatufundishwi shuleni vizuri: katika delta hii ndimo ilimojificha manowari ya Wajerumani, Königsberg, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Septemba 20, 1914 iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, pale Zanzibar, kisha ikajificha kwenye mikono ya Rufiji. Waingereza wakakiteka kisiwa chetu cha Mafia Januari 1915, na ndege za kuipeleleza meli ile zikawa zinaruka kutoka kwetu. Julai 11, 1915 mambo yakaisha, ikazama huko huko mtoni. Mizinga yake Wajerumani waliitoa wakaenda kupigania nchi kavu, na mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, mpaka leo. Dada yetu alisikiliza hadithi yote kisha akasema, "Kumbe vita vya huku na kwetu ni vya siku nyingi." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu Kilindoni.

Kibiti mjini

Msitegemee maghorofa. Kibiti ni mji mdogo uliokaa kwenye barabara, wilaya yenyewe imemegwa kutoka Rufiji hata muda mrefu haujapita. Mabasi ya Lindi na Mtwara yanapita, na kila basi likisimama vijana wanalikimbilia na korosho, maji, mayai na machungwa. Ukishuka barabarani na kuingia ndani kidogo, kelele zinaisha. Kuna nyumba zenye vibaraza, miembe, minazi na mikorosho, kuku, na watoto wanaotoka madrasa na juzuu zao mkononi.

Haya ndiyo tunayowashauri mfanye mkifika.

Kwanza, swalini. Msikiti haupo mbali popote mtakapokuwa, na sehemu ya wanawake ulizeni kwa kina mama wa jirani, mtaelekezwa kwa upole. Kumbukeni kwamba msafiri ana ruhusa ya kupunguza swala za rakaa nne zikawa mbili na kuzijumuisha, ila Magharibi haipunguzwi. Masharti ya umbali na siku za kukaa muulizeni shekhe wenu kabla ya kutoka, msiulizane njiani.

Pili, ingieni sokoni asubuhi mapema. Korosho za kukaanga ni za kwao wenyewe, na bei si ya Kariakoo. Kuna mchele, nazi, muhogo, samaki wa mtoni na wa baharini kwenye meza moja. Sisi tulinunua korosho za sherehe kilo nne, tukasema tukiharibikiwa na mengine, hizi hazitaharibika.

Tatu, tafuteni mikeka. Hili tutalieleza zaidi hapo chini, kwa sababu safari yetu iliamuliwa na mkeka.

Nyumbani kwa mama wa kijana

Tulikwenda bila kupiga simu siku hiyo. Tunajua si adabu kamili, lakini dada yetu alitaka kuona nyumba ilivyo siku isiyo na wageni. Mama wa kijana alikuwa uani anachambua mchele. Alinyanyuka, akajifuta mikono, akatukaribisha kama aliyekuwa akitusubiri. Hakuuliza tumekuja kufanya nini. Alitandika mkeka, akaleta maji ya kunywa, akamtuma mtoto dukani, na mjomba akapelekwa kibarazani kwa baba wa kijana.

Tulikula wali wa nazi, samaki wa kuchoma na mchicha. Tukaongea habari za mvua. Mama yule akasema mwaka 2024 mafuriko ya Rufiji yalimchukulia shamba lote la mpunga bondeni, hakuvuna hata debe. Dada yetu akasema mwaka huo huo mwezi Mei kimbunga Hidaya kilitua kwetu Mafia, kikang'oa mabati yake ya jikoni. Wakaanza kuhesabiana hasara, huyu hili, huyu lile, mpaka wakacheka. Sisi tulinyamaza tukawaachia.

Kisha dada yetu akauliza, bila kuzunguka. "Mwenzangu, mwaka ule ulikuwa hapa?"

Mama wa kijana aliacha kucheka. Akasema alikuwa hapa. Akasema kwa miezi ile walikuwa wanapika saa tisa alasiri ili saa kumi na mbili moto uwe umezimwa na mlango umefungwa. Mume wake alikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji, na kila mbwa akibweka usiku yeye alikuwa anashika mkono wa mume wake gizani kuhakikisha bado yupo. Kijana wao, huyu mposaji, alikuwa kidato cha pili. Walimpeleka kwa shangazi yake Temeke, akakaa mwaka mzima. "Nilizika jirani wawili," alisema. "Sikusahau. Lakini wenyewe tulibaki, na ndiyo maana unaona mji upo."

Akaongeza neno ambalo limetukaa. "Dada yangu, huyu binti akija hapa, sitamwambia hapajatokea kitu. Nitamwambia kila kitu. Ila na mimi nitakuwa nimelala chumba cha pili."

Dada yetu hakujibu. Aliomba amsaidie kuchambua mchele.

Gauni

Jioni ile tulimwuliza mama wa kijana kuhusu bibi harusi wetu wa 2017. Tulikuwa na jina lake, jina la shangazi yake, na karatasi ya vipimo. Kibiti ni ndogo. Kabla ya Isha tulikuwa tumeshaelekezwa nyumba.

Tulikwenda kesho yake asubuhi. Sasa ni mama wa watoto watatu, ana genge la mboga na maandazi mbele ya nyumba yake. Tulijitambulisha. Alituangalia muda mrefu, kisha akasema, "Nyinyi ndio mafundi wa Mafia?"

Tukamweleza yote. Tukatoa bahasha ya shilingi 60,000, tukatoa na mfuko. Tukamwambia tumekuja kurudisha amana na kuomba radhi, na kama anadai zaidi tuko tayari.

Alifungua mfuko pale pale kwenye benchi la genge. Alilikunjua gauni, akalipima mabegani juu ya dera lake, akacheka. Halikuwa la kumwenea tena hata kidogo. Akatuambia siku ya nikah yake alivaa gauni la kuazima kwa jirani, lilikuwa fupi, na mama yake alimfunga kanga ya kisutu juu yake ili miguu isionekane. "Watu walidhani ni mtindo," alisema.

Kisha akasema kwa sauti ile ile ya kawaida, akiendelea kupanga maandazi, "Nyinyi mliogopa kuja siku moja. Sisi tuliishi."

Hakukuwa na cha kujibu. Tuliomba radhi tena. Akasema amesamehe siku nyingi, kwa sababu mwaka ule kila mtu aliogopa, hata magari yalikuwa yakiogopa kusimama. Lakini bahasha aliipokea, akazihesabu fedha mbele yetu, na tunamshukuru kwa hilo. Angekataa tungebaki na deni. Gauni alisema ana mdogo wake anaolewa baada ya mfungo. Tulimwita mdogo mtu, tukampima, tukaomba sindano na uzi. Tulikuwa tumeacha nafasi ya kutosha kwenye mishono ya ubavuni, kama tulivyofundishwa chuoni: gauni la harusi usilikate likaisha, hujui mwili utakuwaje siku hiyo. Tukafumua, tukalegeza sentimita tatu kila upande, tukashona kwa mkono tukiwa tumekaa kwenye mkeka wake. Mpaka Adhuhuri ikawa tayari.

Dada zetu wafanyabiashara, malipo ya awali ni amana. Tunajua dini yetu inavyosisitiza deni, hata swali la kwanza msibani ni marehemu anadaiwa nini. Sisi tulikuwa tunaogopa Kibiti, kumbe tulichokuwa tunakikwepa zaidi kilikuwa ule mfuko.

Mikeka ya ukindu

Mkifika Kibiti au mkienda mbele hadi Ikwiriri, ulizieni wanawake wanaosuka mikeka. Mikeka ya Rufiji inajulikana Pwani nzima kwa rangi zake. Ukindu hukatwa, huanikwa, huchanwa vipande vyembamba, huchemshwa na rangi, kisha husukwa ukili mrefu mrefu kama utepe. Halafu ule ukili huunganishwa kwa kushonwa, upande kwa upande, mpaka mkeka utimie upana.

Sisi mafundi tulikaa hapo saa nzima. Mkeka unashonwa! Na mshono wake usiponyooka, maua hayakutani, kama vile kitambaa cha mistari. Mama mmoja alitupa tujaribu. Tulikosea, akafumua bila kusema kitu, akatuonyesha tena.

Mkinunua, nunueni kwa anayesuka, msipunguze bei mpaka mkamkera. Ukili mmoja unachukua siku. Na kama ni zawadi ya bibi harusi, agizeni mapema kwa kipimo na rangi mnazotaka, kwa sababu mkeka mkubwa ni kazi ya wiki nyingi.

Daraja la Mkapa

Siku ya tatu tulikodi gari mpaka mtoni. Mnapita Ikwiriri, kisha mnaliona Daraja la Mkapa. Lilifunguliwa mwaka 2003, lina urefu wa mita 970 hivi. Kabla yake watu wa Kusini walivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mvua zikizidi walilala njiani siku kadhaa. Nendeni asubuhi au baada ya Alasiri, jua likiwa limepoa. Mtauona mto mpana, mashamba ya mabondeni na mitumbwi. Tazameni kutoka juu tu. Rufiji ina mamba na viboko, msishuke kuchota maji ya kunawia eti kwa ajili ya picha.

Hapo mtoni tulizungumza habari za Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akawa mwimbaji wa ngoma, kisha akaongoza wanawake wa TANU na kuzunguka nchi kudai uhuru wakati wanawake wengi wa Kiislamu wa Pwani walikuwa hawatoki ndani bila ruhusa. Alikuwa mbunge wa Rufiji mpaka aliposhindwa uchaguzi wa mwaka 1965. Mwali wetu anasoma ualimu, na mama wa kijana alimwahidi dada yetu mbele yetu kwamba masomo hayatakatishwa. Tuliona vizuri kulisemea jambo hilo hapo, tukiwa na mjomba shahidi.

Kwa maharusi wenye uwezo, kutoka Kibiti kuna njia inayowafikisha Mloka na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mnaweza kufanya fungate yenu huko, mkaona tembo na twiga kwa gharama ya ndani ya nchi, badala ya kukopa kwenda mbali.

Mambo madogo ya kukumbuka

Chukueni baibui jepesi la pamba, kwa sababu bara kuna joto lisilo na upepo wa bahari. Viatu viwe vya chini. Dawa ya mbu na chandarua ni lazima, zaidi mkiingia delta. Fedha taslimu za kutosha na salio la simu. Nendeni wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, maana masika njia za ndani zinaharibika. Nendeni na mahram au kundi la kina mama mnaoaminiana. Na mkifika kwa watu, salimieni kila mkubwa shikamoo, hata mpita njia. Huko bado inahesabika.

Tulivyorudi

Asubuhi ya kuondoka dada yetu hakuonekana. Tulimkuta kwa yule mama wa mikeka, amekaa chini, anachagua ukindu. Alikuwa anachagua zambarau na kijani, rangi anazozipenda mwali wetu tangu mtoto. Yule mama akamwuliza mkeka wa ukubwa gani. Dada yetu akatoa kwenye mkoba kipande cha uzi wetu wa kushonea, chenye fundo huku na huku. Jana yake, sisi tukiwa tunalegeza gauni, alikuwa amemwomba mama wa kijana amwonyeshe chumba, akakipima.

Ndani ya gari hakusema kitu mpaka Bungu. Pale njia panda ndipo akasema, "Uoga wangu bado upo, msidhani umeisha." Tukamwambia tunajua. Akasema, "Lakini siwezi kumwekea mtoto uoga wangu kwenye sanduku la harusi." Kisha akauliza korosho tumeziweka wapi.

Wazee wamepangiwa kukaa tena mwezi ujao, inshaallah. Sisi tumeshaanza kukata gauni, na mishono ya ubavuni tumeiachia nafasi.

Dada zetu, kuna sehemu nyingi ambazo jina lake limechafuka, na ndani yake wanaishi kina mama wanaopika, wanaoswali na kulea. Kabla hujakataa au kukubali kumpeleka binti yako, nenda. Kaa jikoni, siyo sebuleni tu. Uliza swali lako zito kwa adabu, na msikilize anayejibu. Na ukiwa na mfuko juu ya kabati, ushushe, umtafute mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia wa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, awape subira waliobaki, na awajaalie maharusi wetu wote nyumba za mapenzi na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.